X ya Kituo cha Tano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nasema hilo mapema ili usipoteze muda kumtafuta. Katika habari hii wapo wengi wa kushukiwa: ofisa aliyekuja na viatu vya kung'aa kwenye majani yenye umande, fundi msumeno anayesikia nusu ya anachoambiwa na kukata chote anachokiona, hata mwalimu aliyetuletea mchezo ambao jina lake tu lilinichekesha wiki nzima. Hao wote waache. Mjinga ni mimi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana ya mabati na chaki nyeupe sikioni.

Chaki hiyo uishike, tutaihitaji. Imekaa juu ya sikio langu la kulia miaka mingi hivi kwamba mke wangu husema siku nikiitoa atadhani ameingia mgeni. Kwenye karakana yangu chaki ina lugha yake. Mstari mmoja kwenye bomba maana yake kata hapa. X maana yake usikate, hapa ndipo vyuma viwili vinapokutana, hapa tunaunga. Nimeandika X hizo maelfu kwa maelfu, na hakuna hata moja iliyowahi kunigeuka. Mpaka nilipoitoa nje ya karakana.

Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka sita na ambaye hajaniruhusu nisahau hata mmoja wa miaka hiyo, ni msimamizi wa kitalu cha miche cha manispaa. Alianza pale kwa kubeba ndoo za maji. Nyuma ya kitalu, ukishapita mistari ya mifuko myeusi yenye miche na banda la mbolea, kuna kipande cha ardhi chenye umbo la soksi: chembamba juu, kinakunja kisigino, halafu kinatanuka kuelekea mtaroni. Zamani ndipo ilipotupwa miche iliyokataliwa. Mche ukipinda, ukidumaa, ukitoka na vichwa viwili, unarushwa kule. Dada alikuwa akitoka kazini anapita kuiokota na kuipanda. Hakutumwa wala hakulipwa. Miaka ishirini na miwili baadaye lile jalala limekuwa kijisitu, na kila mti ndani yake ni kilema wa namna fulani aliyenyooka kwa ukaidi. Dada anaiita kwa vilema vyao. Kuna Kibiongo, kuna Kichogo, kuna Mapacha. Na kulikuwa na Kigoti, msonobari uliopinda pale chini kama mtu anayetaka kupiga goti, kisha akabadili mawazo na kusimama moja kwa moja kuelekea juu. Huo ndio ulikuwa mti wake wa kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka ikaja barua. Manispaa inatafuta mahali pa kuegesha malori ya taka, na kipande kile, kwa maneno ya barua, hakina matumizi. Dada aliniletea barua hiyo karakanani akaniwekea kidole kwenye neno matumizi, kama mgonjwa anayemwonyesha daktari panapouma. Alikwenda kumwona ofisa wa viwanja, akakaa kwenye benchi la nje siku mbili, na siku ya pili akapewa jibu la nusu: miezi mitatu. Ikiisha, ofisa atakuja Jumamosi fulani asubuhi. Akikuta wananchi wanapatumia mahali pale kwa jambo la maana, ataandika hivyo. Akikuta miti tu, malori yataingia.

Ndipo akatokea mwalimu wa michezo. Alikuwa anafundisha kwenye chuo cha ualimu cha jirani, akaja kitaluni kununua miche ya maua, akapotea njia akielekea chooni na kujikuta kwenye kijisitu. Dada alimkuta amesimama katikati ya miti, mkono mmoja umeinuliwa, jicho moja amelifumba. Alidhani mgeni kapatwa na jua. Kumbe anapima. Mwalimu akamweleza kwamba kuna mchezo unaitwa gofu ya visahani, na kwamba mahali kama pale watu wa mchezo huo hupaota usingizini.

Mchezo wenyewe hauna siri. Unasimama kwenye kisakafu cha saruji, unarusha kisahani cha plastiki, na mbele yako kwa mbali kuna nguzo yenye kikapu cha chuma, na juu ya kikapu minyororo inaning'inia duara. Kisahani kikigonga minyororo, kinaanguka kikapuni kwa mlio kama wa sarafu nyingi kumwagika. Kisipofika, unakifuata kilipoangukia na kurusha tena kutoka hapo. Vituo ni tisa, unakwenda kimoja baada ya kingine, na aliyerusha mara chache zaidi ndiye bingwa. Basi. Niliposikia mara ya kwanza nilimwambia dada kwamba kurusha sahani ni mchezo unaochezwa nyumbani kwangu tangu nioe, na sijawahi kushinda.

Hata hivyo vikapu nilivitengeneza mimi. Tisa, kwa mabomba ya kuokoteza, nondo nyembamba na minyororo ya baiskeli za kubebea mizigo. Kazi nzuri, nikisema mwenyewe. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na futi, koleo na mdomo mkubwa, nikajikuta ndiye ninayeamua kila kikapu kisimame wapi.

Hapo naomba nikueleze kichwa changu kilivyo. Fundi mkuu wangu wa kwanza alikuwa na namna moja ya kufundisha. Unampelekea kazi yako, anaigeuza mara moja, anaitupa kwenye lundo la vyuma chakavu, anaondoka. Hakuna neno. Miaka miwili nilikuwa nasikia vyuma vyangu vikianguka kwenye lundo lile bila kujua kosa ni lipi. Baada ya hapo nilidondoka kwenye paa nikavunja mfupa wa bega, na karakana yangu ya kwanza ikachukuliwa na mafuriko pamoja na kiti nilichokuwa nakalia. Nayasimulia haya kwa kucheka, ndivyo nilivyo, lakini ndani nilikuwa nimejijengea imani: mtu haivi mpaka aumizwe. Kwa hiyo nilipopewa vituo tisa, nikaamua watu waive.

Cha kwanza kilinishinda kukiharibu kwa sababu pale ni uwanda mtupu. Vingine nilivikomesha. Cha sita nilikiweka juu kabisa ya kichuguu, ili kisahani kikikosa kikapu kibingirike mpaka mtaroni. Lakini cha tano ndicho nilichojivunia. Kutoka kisakafuni hadi kikapuni ni hatua sabini. Katikati imesimama misonobari saba, Kigoti akiwa wa kati, imebanana kama watu wanaogombea dirisha la kulipia umeme. Ukisimama kisakafuni kikapu hukioni. Upande wa kushoto palikuwa na uwazi wa kuzungukia, mrefu, unapinda kando ya mtaro. Nikauziba. Nilichimbia nguzo mbili za chuma nikazichomelea vyuma vya kukingama, ili mtu asikwepe.

Tulijaribu kiwanja siku ya Jumatano, mimi, dada na mwalimu. Kwenye cha tano mwalimu alirusha mara kumi na moja. Dada alirusha mara kumi na tatu, kisha akakiokota kisahani, akakipangusa kwenye kanga na kukiweka kwapani kama mtu aliyemaliza mazungumzo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nacheka. Nikawaambia naona kiwanja kinafanya kazi.

Mwalimu hakununa. Ni mtu wa kufikiri kwa sauti, na alifikiri huku akitembea kutoka kisakafuni mpaka kwenye miti na kurudi. Alisema kituo cha kwanza kinamchosha, maana pale anarusha huku anawaza atakwenda kununua nini sokoni. Na cha tano nacho kinamchosha, na ndilo lililomshangaza, kwamba chepesi mno na kigumu mno vinamchosha kwa namna ileile.

"Cha kwanza hakiniulizi kitu, fundi," akasema. "Hiki kinaniuliza swali lisilo na jibu. Na mimi nikikosa, nataka nijue nimekosa nini."

Nikamjibu kwamba kukosa ni kukosa. Nikamwambia kuhusu fundi mkuu wangu na lundo lake. Dada, aliyeisikia hadithi hiyo mara mia, akaniuliza kwa upole kitu ambacho hajawahi kukiuliza: siku niliyojua kuchomelea vizuri, nani alinionyesha? Nikasema nilijionea mwenyewe. Si kweli, naye anajua. Alinionyesha mzee mmoja wa karakana ya pili, aliyenishika mkono wenye kijiti cha kuchomelea akaniambia kwamba nakimbia, nisubiri chuma kiyeyuke kwanza. Maneno machache, kazi ikageuka. Lakini sikutaka kumtaja mzee yule pale, maana angehama upande wangu akaenda upande wao.

Dada alitaka ule uzio wa kushoto uondoke. Nikasema siondoi kitu nilichokichimbia kwa jasho langu. Tukabishana mpaka mwalimu akaaga. Dada akaniambia anaomba nikumbuke jambo moja tu, kwamba Jumamosi ofisa akirusha mara kumi na tatu hatasema kiwanja ni kigumu, atasema hakuna kiwanja. Akaenda zake kufunga mabomba ya maji.

Alhamisi nikarudi peke yangu, na moyo mzuri kabisa. Nilikuwa nimekata vibao vya chuma vyenye namba na mshale, ili wageni wasipotee. Dada amekataza misumari kwenye miti yake, kwa hiyo nilipanga kuvifunga kwa ukanda wa bati. Nikapita nikichagua miti inayoonekana vizuri. Chaki ikatoka sikioni. Hapa kibao: X. Hapa: X. Miti minne. Kwenye cha tano niliichora kubwa, kifuani mwa Kigoti, kwa sababu ndiye wa kati na kila mtu angemwona.

Nisichojua ni kwamba dada naye alikuwa na mpango wake. Kulikuwa na mikaratusi mitatu iliyokauka kando ya njia, na aliogopa tawi lisije likamdondokea mgeni. Akaifunga utepe mwekundu kila mmoja, akampigia simu fundi msumeno, akamwambia aje Ijumaa asubuhi na mapema, akate iliyowekewa alama tu.

Ijumaa nilipofika getini na vibao vyangu begani nilisikia msumeno unanguruma, nikafurahi. Nilidhani ni mikaratusi. Nilipokunja kwenye kisigino cha soksi nikasikia mlio mwingine, ule wa mti unapoamua, halafu kishindo, halafu vumbi na harufu ya utomvu. Msumeno ukazimwa. Nikamkuta fundi msumeno anafuta miwani yake, ameridhika. Mikaratusi mitatu ilikuwa bado imesimama na tepe zake. Kigoti alikuwa amelala kifudifudi, kichwa chake kimefika karibu na mtaro.

Dada alifika kabla sijatua vibao vyangu. Alikuja anakimbia, na dada yangu hakimbii. Fundi msumeno alipoona nyuso zetu akaanza kujieleza kwamba simu ilikuwa inakatakata, alichosikia ni kukata yenye alama, na alama ameiona, kubwa kama mlango. Nikamwambia ile ni ya chaki nyeupe, X ya kubomolewa huwa nyekundu.

"Bwana," akanijibu, bila ubaya wowote, "nimekata miti miaka thelathini. Sijawahi kuona X inayosema nihurumie."

Dada alikuwa amechuchumaa. Alikuwa anaipapasa X yangu pale ilipo, ubavuni mwa gogo, chaki inabaki kwenye vidole vyake.

"Umeandika nini hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeandika usikate.

"Kwa lugha ya nani?"

Dada akasimama, akamwelekeza fundi msumeno kwenye tepe nyekundu kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda kwenye bomba la kitaluni akanawa mikono muda mrefu, ingawa haikuwa michafu kihivyo. Nikamwona kwa mbali amewapa kisogo wafanyakazi wake. Niliwahi kumwona hivyo mara moja tu, wiki yake ya kwanza pale, alipokuwa mbeba ndoo na msimamizi wa wakati huo alimwambia hafai. Ndiyo wiki aliyookota mche uliopinda. Najua kwa sababu nilikuwa nimempelekea chakula, na nilimcheka kwa kupanda kijiti kilichopinda.

Nikakaa kwenye kisakafu cha saruji cha kituo cha tano, vibao pembeni, kichwa kwenye viganja. Nilikaa hapo mpaka mikaratusi yote mitatu ikaanguka na fundi msumeno akaondoka. Nilipoinua kichwa, nilikiona kikapu.

Kwa mara ya kwanza tangu nikichimbie, nilikiona kutoka pale. Alipokuwa amesimama Kigoti palikuwa na upenyo, mikono miwili upana, misonobari sita iliyobaki imeusimamia tatu kwa tatu kama miimo ya mlango, na huko mwisho minyororo inametameta. Sikutaka kuona. Nilijaribu hata kugeuza shingo. Lakini jicho la fundi likishaona kitu kimekaa sawa haliwezi kujifanya halijaona.

Nikachukua kisahani. Nikarusha. Kikagonga mti wa kulia, kikadondoka hapohapo. Na kabla hakijatulia chini nilishajua kwa nini: nilichelewa kukiachia. Nikarusha cha pili, nikawahi mno, kikaenda kushoto. Cha tatu kilipita katikati kabisa lakini juu, kikapu kikabaki kinakitazama kikienda. Kila mara nilijua. Mkono, kiwiko, haraka, woga. Nilirusha mara nane, na katika hizo nane nilijifunza zaidi kuliko miaka miwili ya lundo la chakavu. Hapo nikamkumbuka yule mzee wa karakana ya pili, aliyenishika mkono akaniambia nisubiri chuma kiyeyuke. Fundi mkuu wangu hakuwa mkali zaidi yake. Alikuwa tu hajanipa mahali pa kuona kosa langu, nami maisha yote nikaiita hiyo shule, na nikataka kuwajengea wengine tawi lake.

Ile ya tisa ikalia kwenye minyororo. Nilisimama pale peke yangu natabasamu kama mwendawazimu, kisha nikakiona kisiki, nikaacha kutabasamu.

Mwalimu alipokuja mchana alikwenda kwanza kwa dada, wakakaa. Baadaye akaja kwangu. Aliutazama upenyo, akautazama uzio wangu wa kushoto, akanitazama mimi. Akaniambia kwamba sasa swali lina jibu, lakini jibu moja tu. Mtu mwenye mkono dhaifu, au mwenye busara, au mwenye woga, naye apewe lake. Upenyo ni mfupi na wa hatari. Njia ya mtaroni ni ndefu na salama, itamgharimu mtupo mmoja zaidi. Mtu asimame pale kisakafuni ajiulize yeye ni nani leo.

Sikubisha. Nilikwenda karakanani nikarudi na grenda na waya mrefu, nikaukata uzio wangu mwenyewe, cheche zinaruka kwenye suruali. Nguzo mbili zilizonichukua siku nzima kuchimbia ziliondoka ndani ya nusu saa. Kisha kwa msumeno wa mkono nikakata kipande cha chini cha Kigoti, kile chenye goti, nikakilaza karibu na kisakafu kwa namna ambayo mkunjo wake unakuwa mgongo wa kuegemea. Ni benchi. Nilikipiga msasa mpaka jua likapungua.

Dada alipopita kufunga mabomba alisimama akalitazama benchi bila kulikalia. Akachukua kisahani mikononi mwangu. Nilitegemea angeupima upenyo. Hakuupima. Akarusha kushoto, polepole, kikazunguka kando ya mtaro, akakifuata, akarusha tena, minyororo ikalia. Mara mbili tu. Akanirudishia kisahani akaenda nyumbani, na mimi nikajua kwamba nilikuwa nimejenga kiwanja bila kumjengea yeye njia.

Jumamosi umande ulikuwa mwingi. Mwalimu alileta wanafunzi wake wa chuo, wafanyakazi wa kitalu walikuja na wenza wao, majirani wakasimama kwanza nje ya uzio wa kitalu, halafu wakajikuta ndani. Ofisa alifika akiwa na faili na vile viatu. Aliwasalimia wote kwa pamoja, akatuambia ana dakika kumi, dereva anamsubiri. Dada alisema karibu mheshimiwa, akampa kisahani. Mkono wake ulikuwa umetulia, lakini nilimwona kanga ameikunja pindo kwa vidole mpaka ikawa kama kamba.

Cha kwanza ofisa alikirusha huku anaangalia saa. Cha pili na cha tatu alicheza kwa adabu, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Cha nne hakikumbadilisha. Alipofika cha tano alikuta wanafunzi watano wanabishana, huyu anasema pita katikati, huyu anasema zunguka, na aliyerusha katikati akagonga mti wa kushoto akajipiga paja akasema amelegeza kiwiko. Ofisa akasikiliza. Akasogea kisakafuni. Akasimama muda mrefu kuliko alivyosimama kote. Nadhani ndipo alipojiuliza yeye ni nani siku hiyo, na akajijibu vibaya: akapiga katikati, akagonga mti.

Akaomba arudie. Akagonga mti mwingine. Akavua koti. Mara ya tatu kisahani kilipita upenyoni, kikagusa ukingo wa kikapu, kikakataa kuingia, na ofisa wa manispaa akatoa sauti ambayo sidhani imewahi kusikika ofisini kwake. Huko getini dereva akapiga honi. Ofisa akapunga mkono kuelekea kule bila kugeuka, kama unavyomfukuza nzi. Mara ya saba minyororo ilipolia watu wote walipiga makofi, naye akaketi kwenye goti la Kigoti, akihema, viatu vimejaa nyasi, akafungua faili juu ya paja na kuandika. Dada alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma juu ya bega lake bila kujificha. Mbele ya neno Matumizi, ofisa alikuwa ameandika: Yapo, kila Jumamosi. Na hilo la kila Jumamosi hakuna aliyekuwa amemwambia.

Dada aliiachia kanga. Pindo likafunguka polepole, likabaki na makunyanzi.

Ofisa alicheza vituo vilivyobaki. Cha sita kilimkasirisha, kisahani kikibingirika mtaroni mara nne, na wafanyakazi wa kitalu wakamwambia asijali, kile wanakiita Roho ya Fundi. Alipokuwa anaaga aliuliza nani aliyebuni kituo cha tano, maana huyo mtu ana kipaji. Mwalimu akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Dada akasema ni kazi ya familia, mheshimiwa.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa siku moja tu. Lakini watu walipotawanyika, tumebaki wawili tunaokota visahani, moyo wangu ukawa mwepesi na mdomo ukaufuata. Nilianza kwa mbali. Nikasema kwamba kijisitu kimepona. Akakubali. Nikasema aliyekiponya ni kituo cha tano. Akasema huenda. Nikasema tukitazama jambo hili bila hasira, kama watu wazima, kituo cha tano kilikuwa balaa mpaka ilipochorwa ile X, na X ile, kwa makosa yake yote, ilitoka kwenye mkono wangu.

"Kubali tu, dada," nikamwambia. "Ile X ndiyo iliyokitengeneza."

Aliacha kuokota. Akanisogelea, akaninyooshea mkono usoni nikadhani anataka kunifuta vumbi, akachomoa chaki sikioni mwangu. Akaipima kwa vidole, akageuka kukitazama kile kichuguu.

"Haya, bwana mdogo," akasema. "Nenda kasimame pale kituo cha sita nikuwekee X na wewe, tuone nacho kitakavyopendeza."